Nyumba ya Kabaka Mwanga: Siku Moja Mengo na Rubaga



Kila mwaka mwezi wa sita unapokaribia, watu wengi wa pande zetu za Ziwa hufunga safari kwenda Namugongo, Uganda, kuhiji mahali walipochomwa moto Wafiadini. Habari za Namugongo zimeandikwa mara nyingi, na baadhi yenu mmefika kwa miguu yenu. Mimi leo napenda kuwasimulia mahali ambapo mahujaji wengi hupapita bila kupatazama, yaani nyumba ya mfalme walimotumikia vijana wale kabla ya kuuawa, pamoja na mitaa inayoizunguka. Tukisimulia maisha yao, mara nyingi twaanzia kwenye moto. Lakini kabla ya moto walikuwa na mahali pa kulala, walikuwa na kazi ya asubuhi na mlango wa kulinda, na walikuwa na bwana wa kumtumikia.

Tulipokuwa watoto katika mafundisho ya dini, jina la bwana huyo lilitutisha. Kwa Kiswahili mwanga ni mchawi, yule azungukaye usiku kuwawangia watu waliolala. Nasi tuliona kwamba jina limempata mwenyewe. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba kwa Waganda hilo ni jina la mfalme tu, naye alikuwa wa pili kuitwa hivyo. Hata hivyo hofu ya utotoni haitoki upesi, na niliibeba mpaka mlangoni pake.

SAFARI

Tulikuwa mahujaji 28 wa parokia yetu. Tulivuka Ziwa usiku kwa meli kutoka Mwanza mpaka Bukoba, na asubuhi tukapanda basi. Mpakani Mutukula tulishuka sote, tukagongewa mihuri, tukabadilisha fedha zetu, tukaendelea kupita Kyotera na Masaka katikati ya migomba isiyokwisha. Mahali paitwapo Kayabwe barabara inakata mstari wa Ikweta. Vijana wetu walishuka wakasimama mguu mmoja kaskazini na mguu mmoja kusini, wakapigwa picha. Yapata jioni tuliingia Kampala, tukapewa madarasa ya shule ya parokia moja tutandike mikeka yetu.

Pamoja nasi alikuwamo mzee mmoja wa miaka 78, katekista wa zamani, aliyezaliwa na kubatizwa Bukumbi. Kwa muda wa miaka 40 aliwafundisha watoto habari za Karoli Lwanga na wenzake, na majina yote 22 huyasema kwa moyo kama mtu asomaye litania. Sikukuu yenyewe ni tarehe 3 Juni. Kwa kuwa siku mbili kabla yake hatukuwa na shughuli, niliomba ruhusa kwa kiongozi wa msafara nikatazame ikulu ya Mengo. Walionifuata walikuwa mama mmoja wa WAWATA, kijana mmoja wa kwaya, na mzee wetu huyo.

MJI WA VILIMA

Kampala ni mji wa vilima, na karibu kila kilima kina mwenyewe. Rubaga ni kilima cha Wakatoliki, Namirembe ni cha Waanglikana, Kibuli ni cha Waislamu, na Mengo ni cha Kabaka, mfalme wa Buganda. Ukisimama juu ya kimoja unaviona vingine, na sauti ya kengele hapa hukutana na sauti ya adhana kule.

Zamani ikulu haikukaa mahali pamoja. Wafalme wa Buganda walihama kutoka kilima hata kilima, na mji mzima ukahama pamoja nao, maana nyumba zilikuwa za miti, matete na majani. Mwaka 1875 msafiri Stanley alimkuta Kabaka Mutesa wa Kwanza akikaa Rubaga. Mutesa alipofariki mwaka 1884 alizikwa Kasubi, katika nyumba aliyokuwa akiikaa. Mwanawe Mwanga, kijana asiyetimia miaka 20, ndiye aliyerithi kiti, na mwaka 1885 akachagua Mengo. Tangu siku zile mpaka leo Mengo ndiyo makao makuu ya ufalme.

Tulifika kwanza Bulange, jumba kubwa lenye mnara, ambamo Baraza la Buganda hukutania. Lilijengwa katika miaka ya 1950, wakati wa Kabaka Mutesa wa Pili. Kutoka Bulange barabara inakwenda moja kwa moja, imenyooka kama uzi, inashuka na kupanda tena mpaka lango la ikulu. Kandokando yake zimewekwa alama za koo za Waganda, kila ukoo na mnyama wake au mmea wake. Katikati ya barabara pana mzunguko, nao una kijilango. Watu wote huuzunguka, wenye magari na wenye miguu, lakini Kabaka anapopita kijilango hufunguliwa naye hupita katikati. Mfalme, wasema Waganda, hazunguki.

Mzee wetu aliposikia hayo alicheka, akasema, “Karani, mbele ya Mungu hata yeye atazunguka.”

MZEE AKATAA KUINGIA

Langoni pa ikulu huwaka moto mdogo wa kuni. Moto huo hauzimwi maadamu Kabaka yu hai, na siku anapofariki huzimwa. Tuliona moshi wake, tukalipa kiingilio, tukapewa kijana Mganda wa kutuongoza. Alijua Kiswahili cha kuokoteza. Palipompungukia aliongeza Kiingereza nami nikawafasiria wenzangu.

Mara mzee akasimama. Akasema, “Ninyi ingieni. Mimi nitawangoja hapa.”

Nikadhani amechoka, nikamwuliza, “Mzee wangu, miguu inakuuma?”

“Miguu ni mizima. Nimewafundisha watoto habari za Kizito miaka 40. Leo niingie kwa aliyemwua, nikashangae mapambo yake kama mgeni wa arusi? La, mwanangu. Ingieni ninyi.”

Akakaa chini ya mti karibu na lango, akatoa rozari yake. Hatukumbishia, kwa sababu ni mzee, na kwa sababu moyoni mwangu nilimwona ana haki.

NDANI YA LUBIRI

Waganda huiita ikulu Lubiri. Ni uwanja mpana sana wa majani juu ya kilima, umezungukwa na ukuta, na katikati imesimama nyumba nyeupe nzuri iitwayo Twekobe. Wageni hawaingii ndani yake, huitazama kwa nje. Wala siyo nyumba ya Mwanga. Ya Mwanga ilikuwa ya miti na majani, nayo iliteketea kwa moto mwaka 1886, hata akahamia kwa muda Munyonyo, kando ya Ziwa. Huko Munyonyo ndiko alikowahukumu Wafiadini mwezi wa Mei mwaka ule ule.

Basi pale Mengo hakuna ukuta mmoja uliomwona Karoli Lwanga. Kilichobaki ni kilima chenyewe na upepo wake. Lakini kijana alitueleza vizuri jinsi mambo yalivyokuwa, na mimi nilianza kuona kwa macho ya moyo.

Ikulu ya wakati ule ilikuwa nyua nyingi zilizotengwa kwa ua wa matete, moja ndani ya nyingine, na kila ua ulikuwa na mlango na bawabu wake. Mamia ya vijana walitumika humo. Waliitwa abagalagala. Wengi walikuwa wana wa wakubwa na wa watu wenye heshima, waliopelekwa na wazazi wao wajifunze adabu na utawala, ili siku moja wapewe cheo. Walibeba ujumbe, walilinda milango, walifagia nyua, walimhudumia mfalme. Mzazi aliyempata mtoto wake nafasi ikuluni alifurahi kama mzazi wa leo ambaye mtoto wake amechaguliwa shule kubwa.

Mkubwa wa vijana waliomhudumia mfalme ndani alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe. Kazi yake haikuwa kuwaamuru tu. Kabaka aliwataka vijana wengine kwa mambo machafu, na Yosefu alikuwa akiwaficha, akiwatuma mbali saa ile aliyojua ni ya hatari. Mwezi wa Oktoba mwaka 1885 Askofu Hannington wa Waanglikana aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, na Yosefu alithubutu kumwonya mfalme juu ya damu hiyo. Kwa ajili hiyo aliuawa tarehe 15 Novemba 1885 huko Nakivubo, bondeni chini ya Mengo. Kazi ya kuwalinda wadogo ikamwangukia Karoli Lwanga, aliyebatizwa usiku ule ule. Usiku wa kuamkia hukumu, yeye naye alibatiza wakatekumeni wanne, na mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14.

Mama wa WAWATA alisikiliza hayo yote, kisha akasema polepole, “Nasi twapeleka binti zetu mijini kufanya kazi katika nyumba za watu. Nani aliye Yosefu wao humo?” Hakuna aliyemjibu. Nimeliandika swali lake hapa ili kila mzazi alichukue nyumbani.

SHIMO LA ENZI ZETU

Baada ya hapo kijana alitupeleka nyuma, tukateremka njia ya majani mpaka tukafika kwenye mlango wa zege uliochimbwa ubavuni mwa kilima. Ndani ni ujia mrefu wenye giza, na upande mmoja vipo vyumba visivyo na dirisha, sakafu zake zimeinuliwa juu ya ujia.

Mwaka 1966, Mei 24, majeshi ya serikali ya Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yaliivamia ikulu hii. Kabaka Mutesa wa Pili, mjukuu wa Mwanga, aliruka ukuta akakimbia, akafika Uingereza, akafia London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa, na ikulu ikawa kambi ya askari. Amin alipotawala kuanzia mwaka 1971, lilijengwa humo ghala la silaha chini ya ardhi, na ghala likageuzwa gereza. Watu walijazwa katika vyumba vile wasiweze hata kulala. Ule ujia ulijazwa maji, na maji yakatiwa umeme, hata aliyejaribu kutoka alikufa palepale. Mpaka leo kutani zipo alama za viganja vya mikono, na maandishi ya watu waliojua kwamba hawatatoka, wengine wakiwataja watoto wao.

Kijana wetu wa kwaya, ambaye njia nzima alikuwa akiimba, alinyamaza. Tulisali Baba Yetu mara moja, tukatoka juani.

Niseme kweli, wasomaji wapenzi. Nilipoingia katika uwanja ule nilitazamia kuona uovu wa mtu mmoja wa zamani, mfalme mpagani asiyejua Injili. Nami nikakuta kwamba miaka 90 baadaye, mahali pale pale, watu waliokwenda shule, wenye vitabu vya sheria na taa za umeme, walitenda mabaya ambayo Mwanga hakuyaota. Ndipo hofu yangu ya utotoni ilipobadilika. Nilitambua kwamba uchawi ule wa kumwinda binadamu mwenzako haukuwa wa jina la mtu. Unaweza kuingia katika nyumba yoyote ambamo mwenye nguvu hana wa kumwonya.

ZIWA LA MFALME NA MKIMBIZI WA BUKUMBI

Kutoka juu tulionyeshwa ziwa dogo lililo chini ya kilima. Ni ziwa la kuchimbwa kwa mikono. Mwanga aliwalazimisha watu wake kulichimba, wakubwa kwa wadogo, akikusudia kulifikisha mpaka Ziwa kubwa, apate njia ya kukimbilia kwa mitumbwi siku ya hatari. Kazi haikumalizika, lakini ilimwongezea chuki ya watu. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu walishirikiana kumwondoa katika kiti, naye akalikimbia Ziwa kuelekea kusini.

Hapo kijana alituuliza, “Ninyi mmetoka upande gani wa Tanzania?”

Nikamjibu, “Mwanza. Na yule mzee wetu aliyeketi langoni ni mtu wa Bukumbi.”

“Bukumbi!” Akapiga makofi, akatushika mikono yote mitatu kama ndugu waliopotea. “Ssebo, ninyi ndio mliomficha Kabaka wetu!”

Nami nilikumbuka, nikaona haya kwamba nilihitaji kukumbushwa na mgeni. Habari hii imo katika historia ya misioni yetu. Mwanga alifika kwanza Magu, kwa Waarabu, wakamtendea vibaya. Akawatoroka, akaja Bukumbi kwenye misioni ya Mapadre Weupe, akaomba kupokelewa. Na Padre aliyekuwa pale ni nani? Alikuwa Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. Ndiye yule aliyefika Uganda mwezi wa Februari 1879 pamoja na Bruda Amans. Ndiye aliyewafundisha dini vijana wa ikulu. Siku ya hukumu kule Munyonyo alikuwapo nje ya nyumba ya mfalme akitaka kuwaombea, hakusikilizwa, akawaona watoto wake wakipitishwa mbele yake wamefungwa kamba, naye hawezi neno.

Haikupita miaka mitatu, mtu aliyewafunga kamba hizo akabisha hodi kwake, hana kiti wala mlinzi. Mapadre wakampokea. Wakamlisha, wakamhifadhi, naye akaanza kusikiliza mafundisho ya dini. Mwaka 1889, kwa msaada wa Wakristo wale wale aliowatesa, alirudishwa katika kiti chake.

Tulitoka langoni. Mzee alikuwa bado chini ya mti, rozari mkononi. Kijana Mganda akapiga magoti mbele yake kama ilivyo desturi yao kwa wazee, akamshukuru kwa ajili ya Bukumbi. Mzee akanitazama, hakuelewa. Nikamsimulia yote.

“Bukumbi hii yetu?” aliuliza.

“Bukumbi hii yako, mzee.”

“Na Padre Lourdel alimfungulia mlango?”

“Alimfungulia.”

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Habari za kukimbia kwake nilizisikia nikiwa mdogo. Lakini kila nilipofundisha, niliishia kwenye kuni. Sikuwaambia watoto habari ya mlango.”

RUBAGA

Mchana ule tulikula matoke na samaki katika kibanda kimoja karibu na soko la Mengo, halafu tukapanda polepole kwenda Rubaga, kilima kilicho jirani. Tulipita mitaa yenye watu wengi, maduka ya nguo, mafundi cherehani vibarazani, na pikipiki za bodaboda zikipita kushoto na kulia mpaka mzee akanishika mkono. Bonde la Nakivubo, alikouawa Yosefu Mukasa, leo ni mahali pa uwanja wa mpira na soko kubwa. Kwenye kilima cha Kampala ya Kale aliteswa Matia Mulumba, aliyekufa baada ya siku kadhaa za mateso. Kwa kweli mji huu mzima ni kama njia ya msalaba ambayo watu huipita na vikapu vyao wakienda sokoni.

Kanisa kuu la Mtakatifu Maria la Rubaga ni kubwa, la matofali mekundu, lenye minara miwili. Lilianza kujengwa mwaka 1914 likawekwa wakfu tarehe 31 Desemba 1925. Humo amezikwa Askofu Mkuu Yosefu Kiwanuka, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa uaskofu katika nchi hizi, mwaka 1939. Tulipiga magoti mbele ya Sakramenti Kuu, kisha tukatoka nje kwenye kivuli. Kutoka pale waiona Mengo ng'ambo.

Nikamwambia mzee jambo moja zaidi. Kilima kile cha Rubaga, ambacho zamani kilikuwa cha ikulu ya baba yake, ni Mwanga mwenyewe aliyewapa Mapadre mwaka 1889, aliporudi kutoka uhamishoni. Padre Lourdel hakukifaidi siku nyingi. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 1890, akiwa na miaka 36 tu. Mwanga naye hakudumu. Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, mwaka 1899 akakamatwa, akapelekwa visiwa vya Shelisheli katika Bahari ya Hindi. Huko alibatizwa katika Kanisa la Waanglikana kwa jina la Danieli, na huko alifariki mwaka 1903. Mifupa yake ililetwa mwaka 1910, ikazikwa Kasubi karibu na baba yake.

Lisieleweke vibaya neno hili. Mwanga hakuwa mtu mwema aliyesingiziwa. Damu ya wale vijana ni damu, na Kanisa halikuisahau. Baba Mtakatifu Benedikto XV aliwatangaza Wenye Heri mwaka 1920, na Paulo VI akawatangaza Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Lakini wa kwanza kumsamehe Mwanga hakuwa sisi, wala hakuwa Padre Lourdel. Yosefu Mukasa, alipokuwa akipelekwa kuuawa, alimpa mwuaji ujumbe wa kumpelekea mfalme, kwamba amemhukumu bila haki, lakini yeye anamsamehe kwa moyo wote, tena atubu. Ujumbe ule ulitoka Nakivubo mwaka 1885, ukafika Bukumbi mwaka 1888, na mlango ukafunguka. Watoto walioamriwa kufa ndio waliotangulia kumwombea mwenye kuamuru. Sisi tuliokuja nyuma yao twaheshimu majina yao, twayaandika katika madaftari ya ubatizo, Karoli, Kizito, Matia, kila Jumapili. Je, twaweza kuyabeba majina hayo, na huku tunakataa kusalimiana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba?

Mzee alisimama akarudi kanisani peke yake. Tulimngoja. Alikawia, hata mama wa WAWATA akataka kwenda kumtazama. Alipotoka alivaa kofia yake, akasema, “Nimewataja wote 22 kama kawaida. Kisha nikamwongeza mmoja.”

Hakusema zaidi, nasi hatukumwuliza.

Siku mbili baadaye, tarehe 3 Juni, tulikuwa Namugongo katikati ya umati ambao sijawahi kuuona mfano wake. Walikuwako watu wa Kenya, wa Kongo, wa Rwanda, wengine wametembea siku nyingi. Lakini habari hiyo mnaijua.

Basi, wasomaji wapenzi, mkijaliwa kuhiji mwaka ujao, tengeni nusu siku kwa ajili ya Mengo na Rubaga. Vaeni mavazi ya heshima, mama zetu wasisahau kanga au gauni refu. Wekeni akiba ya kiingilio, na msipige picha mahali popote kabla ya kuuliza. Mwulizeni anayewaongoza awaonyeshe ziwa la mfalme, na msiogope kushuka katika lile shimo la zege, mkasali humo. Na akiwauliza mmetoka wapi, mkiwa watu wa kusini ya Ziwa, mwambieni bila haya kwamba mmetoka katika nchi iliyomfungulia mlango mkimbizi.

Watakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.